Mkono Uliopunguza Moto

Kituoni kila mtu alikuwa na hakika kwamba kesi ya maabara imekwisha, na katika kituo kile hakika ilikuwa na desturi ya kufika kabla ya ushahidi. Marehemu alikuwa mochwari. Mtuhumiwa alikuwa ndani. Kilichobaki, kwa maelezo ya Mkuu wa Kituo, ni kuandika shitaka la kuua, kuligonga muhuri na kulifikisha mahakamani kabla hakimu hajaenda kula mchana.

"Ni kazi ya kalamu tu, Shangazi," alisema Mkuu. "Usiigeuze kazi ya miguu."

Aliyeambiwa hivyo alikuwa inspekta wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya upole na viatu vya raba. Cheo chake kilikuwa begani lakini hakuna aliyekisoma. Kuanzia mahakimu hadi wezi wa kuku, wote walimwita Shangazi, kwa sababu alikuwa na tabia ya kukuuliza swali moja mara tatu, na ile mara ya tatu ukajikuta unasema kweli na kuomba radhi juu yake.

Kwenye benchi la mapokezi alikaa mke wa mtuhumiwa, mgongo wima, kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu bila kuambiwa kosa. Shangazi alipopita, akasimama.

"Afande, wanasema akisomewa kuua leo, harudi nyumbani. Ni kweli?"

"Akisomewa kuua, hapati dhamana. Kaa, mama. Bado sijaandika."

Mumewe, ambaye mtaani walimwita Fundi Gesi, aliletwa kwenye chumba cha mahojiano bila mkanda, ameshikilia suruali kwa mkono mmoja. Ni vigumu mtu kujitetea kwa heshima akiwa ameshika suruali, na labda ndiyo maana polisi huchukua mikanda.

"Betri ya king'ora uliitoa wewe?" Shangazi aliuliza.

"Niliitoa mimi. Ilikuwa imechoka, king'ora kinapiga tii, tii, siku nzima, na kila mtu ananipigia simu mimi. Nikaitoa nikatafute nyingine ya aina ile. Duka la kwanza hawana, la pili wamefunga."

"Na mpira wa gesi uliukaza?"

"Niliukaza, afande."

"Uliukaza?"

"Nimesema niliukaza."

"Fundi. Uliukaza?"

Fundi Gesi aliitazama meza. "Nilikuwa na haraka," alisema hatimaye. "Nadhani niliukaza. Nisamehe, Shangazi."

Hapo ndipo kalamu za wengine zilipokomea. Jana jioni mtafiti kijana alikuwa amekutwa amekufa kwenye chumba cha ndani cha maabara ya seli za jua. Wenzake walimwita Kimulimuli, kwa kuwa alikuwa mdogo, hatulii, na alizungumza juu ya mwanga kama wenzake wanavyozungumza juu ya mpira. Chumba kile hakikuwa na dirisha. Ndani yake kulikuwa na sanduku kubwa la kioo lililojazwa naitrojeni kutoka kwenye mtungi uliosimama koridoni. Naitrojeni haina harufu wala rangi, wala haimkohozeshi mtu. Inaisukuma nje hewa unayoihitaji, basi. Mpira wa gesi ulikuwa umechomoka. King'ora cha kuonya hewa ikipungua, kwa sababu tunazozijua sasa, kilikaa kimya.

Shangazi alifunika kalamu. "Koplo, lete gari."

"Afande, Mkuu amesema kazi ya kalamu."

"Nitakuwa nimeishika mkononi."

Koplo alikuwa mtu wa kimo kikubwa na moyo mwema, na ndiye aliyefika wa kwanza kwenye tukio. Njiani alikuwa kimya isivyo kawaida yake. Walipofika mlangoni mwa chumba cha ndani ndipo akakohoa.

"Afande, kuna jambo halimo kwenye taarifa yangu."

"Liseme basi."

"Lile sanduku lina glavu ndefu za mpira, zimefungwa kwenye kioo, ili mtu aingize mikono afanye kazi bila kuingiza hewa. Nami jana niliingiza mikono. Kwa ajili ya uchunguzi."

"Ukachunguza nini?"

"Mikono haikutoka, afande. Ilibidi nipakwe sabuni."

Mbele ya sakafu ambayo bado ilikuwa na alama ya chaki, hakuna aliyecheka.

"Kabla ya sabuni, uligusa nini humo ndani?"

"Jiko. Kuna jiko dogo la umeme, bapa kama kitabu. Lilikuwa baridi kabisa. Na kitasa chake, hiki hapa nje, kilikuwa kwenye sifuri. Nilikipiga picha."

Ilikuwa kweli. Kitasa kilikuwa cha zamani, cha kuzungusha kwa vidole, chenye namba zilizofutika kwa kushikwa. Bado kilikuwa kwenye sifuri. Lakini juu ya jiko hapakuwa na kitu.

"Kimulimuli alikuwa anapasha nini?"

"Kigae cha kioo, afande, chenye rangi fulani kama ya zambarau. Profesa alikiomba jana kabla sijafunga chumba. Alisema kitaharibika. Nikamruhusu."

"Kwenye taarifa?"

"Hakimo pia."

"Leo umenisaidia, Koplo. Kesho nitakuadhibu."

Ofisi ya Profesa ilikuwa imepangwa viti vya wageni, na katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe, palikuwa na kisanduku kidogo cha kioo. Profesa mwenyewe alikuwa amevaa suti nyeusi. Kwa mtu asiyejua, ingekuwa vigumu kusema suti ile ni ya msiba au ya wageni, na labda hata mwenyewe alikuwa hajaamua.

"Wanaokuja alasiri ndio watakaoamua kama maabara hii inaendelea," alieleza bila kuulizwa. "Nilitaka kuahirisha. Lakini yule binti angependa tuendelee. Tunafanya kwa heshima yake."

"Pole sana, Profesa. Jana ulimkuta saa ngapi?"

"Giza likiingia. Nilifungua mlango kwa ufunguo wangu, nikamwona chini. Nikafunga mtungi wa gesi, nikapiga simu. Sikugusa kitu kingine."

"Wenye ufunguo wa chumba kile mko wangapi?"

"Watatu. Marehemu, mimi, na yule wa hadubini, tunamwita Jicho."

"Jiko lilikuwa limezimwa. Nani alilizima?"

Profesa alifikiri kidogo. "Umeme ulikatika alasiri. Mtaa mzima. Litakuwa lilizimika hapo."

Shangazi alitikisa kichwa kama mwanafunzi mwema aliyekaa dawati la mbele, akasogea kwenye kile kisanduku. Ndani yake kulikuwa na kigae cha kioo kisichozidi stempu kwa ukubwa, na juu yake utando mwembamba wa zambarau, laini kama pumzi juu ya kioo.

"Hiki ndicho alichokuwa anapasha?"

"Ndicho," alisema Profesa, na sauti yake ikabadilika, kama mzazi anayeulizwa juu ya mtoto aliyefaulu. "Polima yake aliipika yeye mwenyewe. Miezi mizima. Hakuna tone jingine lililobaki, na mchanganyiko wake alikuwa bado hajaufundisha mtu."

"Mimi shule nilitoroka vipindi vya kemia, Profesa. Nieleze kama unamweleza Koplo."

Koplo alijiweka sawa ili aelezwe.

"Polima ni mnyororo mrefu wa molekuli," Profesa alianza. "Hii yetu inapitisha umeme kiasi, si kama waya wa shaba, si kama plastiki ya ndoo. Katikati. Mwanga wa jua ukiipiga, umeme unazaliwa ndani yake. Tatizo ni umeme huo kutoka. Ukimimina polima ovyo, minyororo inalala ovyo kama tambi kwenye sahani, na umeme unapotea njia. Lakini hii ina tabia ya fuwele kimiminika. Ukiipasha moto ikafika mahali pake, inatiririka kama maji, ila bado ina nidhamu. Minyororo inaanza kujipanga, yote ikitazama upande mmoja."

"Kama wanafunzi mstarini."

"Hasa. Kama wanafunzi mstarini."

"Na ikishajipanga?"

"Unaipoza. Hapo ndipo vijana wengi wanaharibu." Profesa alikuwa amesimama sasa, na mkono wake wa kulia ulizungusha hewani kitasa kisichokuwepo. "Ukizima moto ghafla, inaganda kabla haijamaliza kujipanga, unabaki na takataka. Lazima ushushe kidogo, usubiri, ushushe kidogo tena. Kwa mkono. Inachukua zaidi ya saa nzima, na hutakiwi kuondoka hata kwenda kunywa maji."

"Na huu haukuharibika."

"Huu ndio bora kuliko yote tuliyowahi kutengeneza," alisema Profesa. Kisha akaketi, akanyoosha kitambaa ambacho hakikuwa na mkunjo.

Shangazi hakusema neno juu ya umeme kukatika. Alimshukuru kwa somo, akamwambia kwamba utando ule sasa ni kielelezo cha polisi na hautoki kwenye jengo, kisha akakibeba kile kisanduku mwenyewe hadi chumba cha hadubini. Profesa alifuata hadi mlangoni. Koplo aliujaza mlango kwa mwili wake, kazi ambayo aliimudu bila mafunzo ya ziada.

Jicho alikuwa msichana mrefu mwenye shavu moja la kawaida na jingine la ukubwa wa embe. Pamba ilionekana pembeni mwa mdomo. Macho yalikuwa mekundu, na hayo hayakuwa ya jino.

"Shikamoo, mama. Samahani, siongei vizuri. Nimeng'olewa jino jana."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Jana alasiri ulikuwa huko?"

"Tangu mchana hadi jioni. Lilikataa kutoka, likavunjika, wakaanza kuchimba." Alionyesha dirishani jengo la ng'ambo ya barabara, lenye picha ya jino linalocheka. "Kliniki ile pale."

"Umeme ulipokatika walifanyaje?"

"Haukukatika. Ingekuwa heri ukatike. Ile mashine ilikuwa kichwani mwangu muda wote, na waya wetu na wao ni mmoja."

Koplo alikunja uso. Kwa kawaida alichelewa kidogo kufika, lakini alikuwa anafika.

"Mlikuwa mkifanya kazi pamoja, wewe na Kimulimuli?" Shangazi aliuliza.

"Kupoza tulikuwa tunapoza wawili. Ndiyo desturi yetu hapa. Mmoja anashika kitasa, mwingine anasoma kipimajoto na kutamka kwa sauti, maana huwezi kutazama vyote viwili. Hakuna anayeanza kushusha bila kumwita mwenzake." Alitoa simu, akaifungua, akaisogeza bila kuitazama. "Aliniandikia nikiwa kwenye kiti cha daktari."

Shangazi alisoma. *Imeyeyuka, iko kama maji, nzuri mpaka naogopa. Naiacha juu hukohuko, sishushi mpaka uje. Njoo hata na damu yako mdomoni, ila usinitemee kwenye utando.*

"Hakuniandikia tena," alisema Jicho. "Nilidhani amenikasirikia kwa kuchelewa."

Shangazi aliweka kisanduku mbele yake. "Nionyeshe kama huu ulipoa ghafla au polepole. Na unieleze unavyojua."

Jicho alifanya kazi yake taratibu. Kwanza aliweka chini ya hadubini kigae kingine, kilichotolewa kwenye ndoo ya vilivyoharibika, akamwita Shangazi atazame. Kulikuwa na nukta nukta za mwanga na giza, kama chumvi iliyomwagwa kwenye nguo nyeusi.

"Huu tulizima ghafla, wiki iliyopita, kwa makosa yangu. Kila punje imetazama upande wake. Sasa tazama ule."

Utando wa zambarau ulijaa kwenye lenzi kwa michirizi mirefu, iliyonyooka, iliyolala pamoja mwanzo hadi mwisho. Jicho alizungusha kigae kidogo, na michirizi yote ikazimika kwa pamoja. Akakizungusha tena, yote ikawaka. Ilikuwa nzuri sana. Shangazi, ambaye hakuwa na muda wa vitu vizuri, alitazama mara mbili.

"Huu umeshushwa polepole," alisema Jicho. "Kwa subira kubwa. Haiwezekani vinginevyo." Alisimama ghafla, mkono kwenye shavu. "Lakini mama, yeye hakuniita."

"Hapana," alisema Shangazi. "Hakukuita."

Simu yake ililia akiwa koridoni. Alikuwa daktari wa mochwari, mtu mwenye sauti changamfu isiyolingana na kazi yake.

"Shangazi, huyu wako ananisumbua. Chumba kimejaa naitrojeni, mtu anaanguka kwa pumzi chache, na kama hewa haikuingia anaondoka palepale. Huyu hakuondoka palepale. Mapafu yake yamejaa maji, ubongo umevimba. Vitu hivyo vinahitaji muda, tena vinahitaji mtu awe anapumua. Alipata hewa baada ya kuanguka."

"Hewa ingeingiaje?"

"Mimi ni wa maiti, milango ni yako. Lakini kuna mtu aliufungua."

"Angepelekwa hospitali mapema?"

Daktari alipoteza uchangamfu wake. "Angekuwa na nafasi. Siwezi kukuambia kubwa kiasi gani. Alikuwa nayo."

Profesa aliwakuta, au walimkuta, akiwa bado amesimama pale Koplo alipomzuia. Shangazi alimrudisha ofisini, akamkalisha kwenye kimojawapo cha viti vya wageni, naye akakaa kingine. Koplo alibaki mlangoni.

"Umeme haukukatika jana," alisema Shangazi.

"Huenda nimechanganya siku."

"Tuseme umechanganya. Tuseme hata ulikatika. Ungekatika, utando ungeganda ghafla, ukawa takataka. Ndivyo ulivyomfundisha Koplo."

Koplo alitikisa kichwa kuthibitisha kwamba alifundishwa.

"Basi atakuwa marehemu aliupoza mwenyewe kabla hajaanguka."

"Bila kumwita Jicho? Aliandika kwamba hashushi hadi mwenzake afike. Alianguka moto ukiwa juu, Profesa. Na kama hakuna aliyekigusa kile kitasa, Koplo angelikuta jiko linawaka. Wenye ufunguo mko watatu. Mmoja alikuwa chini. Mmoja alikuwa anachimbwa jino. Nani alishusha moto?"

Profesa alitazama viti vitupu vilivyobaki, kana kwamba wageni wangefika mapema wakamwokoa.

"Nani alishusha moto?"

"Inspekta, mimi sikumuua. Yule fundi hakukaza mpira. Mimi sikuugusa."

"Najua. Nani alishusha moto?"

Koridoni mtu alipita akisukuma toroli. Profesa alisubiri magurudumu yapite kabisa, kisha akazungumza kwa sauti ndogo, iliyopangika.

"Nilisikia gesi inavuma nikiwa koridoni. Nikafunga mtungi. Nikafungua mlango, nikauacha wazi. Alikuwa amelala ubavu. Nilijua ni naitrojeni. Naitrojeni hairudishi mtu. Nilijua amekwisha."

"Ulimgusa?"

"Hapana."

"Sasa ulijuaje amekwisha?"

Profesa alifunga kifungo cha suti yake.

"Profesa, alikuwa akitoa sauti?"

Aliitazama mikono yake. "Kama mtu anayekoroma," alisema. "Nilitoa simu. Ilikuwa mkononi. Lakini utando ulikuwa juu tangu muda mrefu, ulikuwa unaanza kuungua pembeni, na hakuna mwingine. Ningeondoka, ungekwisha. Nikasema nishushe hatua ya kwanza tu, kisha nipige. Ukishashusha ya kwanza, ukiiacha hapo unaharibika. Kwa hiyo nikashusha ya pili. Kila hatua nilisema ni hii tu."

"Na yeye?"

"Alikuwa nyuma yangu. Sikugeuka."

"Aliacha lini kukoroma?"

"Nilikuwa nasoma kipimajoto," alisema Profesa.

Koplo, aliyepita katika vituo vingi na kubeba maiti nyingi, alivua kofia akaishika kifuani, akatazama ukutani. Shangazi aliandika maneno yale kama yalivyosemwa, akamsomea, akampa asaini. Alisaini kwa mwandiko mzuri. Alipofungwa pingu aliuliza kama utando ungeweza kurudishwa ndani ya sanduku la glavu, kwa kuwa hewa inauharibu. Koplo alivaa kofia yake, akamfungulia mlango. Chini, kwenye lango, gari la wageni lilikuwa linaegeshwa, na mlinzi akawaambia wasishuke.

Kituoni, Mkuu alisoma maelezo akiwa amesimama, akaketi, akayasoma tena. Shitaka la kuua halikuandikwa kwa jina la Fundi Gesi. Liliandikwa la uzembe kazini, lenye dhamana, na jioni mkewe aliweka kidole gumba chake kwenye karatasi, wakarudishiwa mkanda na simu. Shangazi aliwasindikiza hadi ngazi za nje. Hakuwa na desturi hiyo.

"Mpira hukuukaza," alimwambia fundi. "Hilo utalijibu mahakamani, na la betri pia. Lakini hukuua."

"Ahsante, afande," alisema mkewe haraka, akimvuta mumewe mkono. "Twende, baba watoto. Twende nyumbani."

Fundi Gesi hakuvutika. "Wanasema mle ndani kwamba alikuwa hai. Kwamba Profesa alimkuta hai."

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani alikufa papo hapo. Usiku kucha nimekuwa nikijiambia, angalau hakuteseka, alilala tu." Alifunga mkanda wake pole pole, tundu lile la siku zote. "Alipumua kwa muda gani?"

Shangazi alikuwa amewadanganya watu wengi katika kazi hii, na wengi walistahili. Mkewe alimtazama juu ya bega la mumewe, akimwomba kwa macho.

"Zaidi ya saa nzima," alisema Shangazi.

Fundi Gesi alikaa chini palepale kwenye ngazi za kituo, mtu huru, na mkewe hakuweza kumwinua.